Maswali ya Wasomaji: Je, Kombora la Kupiga Meli Halikosei?

Tangu toleo lililopita, tulipoeleza kwa ufupi jinsi meli za mizigo zilivyoshambuliwa katika Bahari ya Shamu na kugusia manowari ya Uingereza iliyopigwa mwaka 1982, barua zinazouliza habari za makombora zimekuwa nyingi kuliko za jambo jingine lolote, na nyingi zimetoka huku kwetu kusini, kwa watu ambao bahari ndiyo shamba lao. Nimechagua tano. Nazijibu kama mtu aliyefanya kazi ya ubaharia katika meli za mizigo kwa miaka mingi na kushika zamu za usiku mbele ya rada, wala sikupata kuwa mwanajeshi.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana ninayefanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandarini. Mwenzangu mmoja husema kwamba kombora la kupiga meli likisharushwa halikosei, meli ihesabiwe imekwisha. Mwingine hubisha kwamba hayo ni maneno ya wauza silaha na kwamba makombora mengi huishia majini. Nani kati yao anasema kweli? – Mfanyakazi wa bandarini, Shangani, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, lakini wote wawili wanabishania kombora peke yake, na kombora peke yake halitoi jibu. Inapasa kuuliza limerushiwa meli gani, na watu waliokuwa ndani ya meli hiyo walikuwa katika hali gani dakika ile.

Mwaka 1994 afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, katika tasnifu aliyoiandika kwenye chuo cha jeshi hilo huko Monterey, alikusanya habari za makombora ya kupiga meli yaliyotumika vitani, akazigawa meli zilizolengwa katika mafungu matatu. Meli zisizo na kinga yoyote, yaani za mizigo na za mafuta, zilipigwa na makombora zaidi ya 9 katika kila 10 yaliyorushwa. Manowari zilizokuwa na uwezo wa kujikinga lakini hazikujikinga, ama kwa kughafilika ama kwa kuchelewa, zilipigwa na makombora karibu 7 katika 10. Manowari zilizojikinga zilipigwa na takribani robo tu ya makombora yaliyozielekea. Tazama jinsi tofauti hiyo ilivyo kubwa, kisha uzingatie kwamba imetoka upande wa anayeshambuliwa kuliko upande wa anayeshambulia.

Historia ya silaha hii inaonyesha jambo hilo tangu mwanzo. Tarehe 21 Oktoba 1967 manowari ya Israel iliyoitwa Eilat ilizamishwa nje ya Port Said kwa makombora ya Kisovieti aina ya Styx, yaliyorushwa na boti ndogo za Misri ambazo hazikuwa zimetoka hata ndani ya bandari, na watu 47 wakafa. Mataifa yenye manowari kubwa yalishtuka, kwa kuwa boti ambayo hapo awali isingethubutu kulikaribia dude kama lile ilikuwa imelimaliza bila ya kuonekana. Lakini miaka sita baadaye, katika vita vya Oktoba 1973, Misri na Syria zilirusha makumi ya Styx hizo hizo dhidi ya boti za Israel, na hakuna hata moja iliyopiga. Waisraeli walikuwa wameitumia miaka ile sita kujifunza namna Styx inavyoitafuta meli kwa rada yake, wakatengeneza mitambo ya kuivuruga kwa mawimbi ya redio na maroketi yanayomwaga angani mawingu ya vipande vyembamba vya kuakisi rada, ili kombora lidhani wingu ndiyo meli. Kombora lao wenyewe, Gabriel, lilifika takriban nusu tu ya masafa ya Styx. Ikawa wanasubiri adui amalize makombora yake hewani, kisha wanasogea na kupiga. Kila ninaposoma habari za vita vile huona kwamba kombora halikuwa limeharibika wala kuzeeka. Lilikutana na watu waliokwisha kulijua.

Ili uelewe kwa nini kujikinga ni kazi ngumu, simama ufukweni Shangani asubuhi uangalie mashua zinazorudi kutoka mbali, nje ya Msanga Mkuu. Kwanza huonekana ncha ya tanga, na baada ya muda ndipo ubavu wa chombo unapoinuka kutoka majini, kwa sababu mgongo wa bahari umevimba kati yako na chombo. Rada nayo huzibwa na mgongo huo huo. Kombora kama Exocet la Ufaransa huruka mita chache tu juu ya mawimbi. Ikiwa rada ya meli imefungwa mita 20 juu ya maji na kombora linakuja kwa kimo cha mita 5, haliwezi kuonekana mpaka liwe limebakiza kilomita 27 hivi, na kwa kuwa linakwenda mita 300 na zaidi kwa sekunde, muda uliobaki ni kama dakika moja na nusu. Ndani ya muda huo mshika zamu aone, aamini anachokiona, aseme, mkubwa wake aamue, na silaha ijibu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na kioo cha rada kikajaa vitone vya mawimbi, hata sisi wa meli za mizigo tulikuwa tukitilia shaka macho yetu wenyewe.

Ndiyo maana fungu la pili, lile la manowari zenye kinga ambayo haikutumika, ndilo linaloniumiza zaidi. Tarehe 17 Mei 1987, katika Ghuba ya Uajemi, ndege ya Iraq iliirushia manowari ya Marekani Stark makombora mawili ya Exocet na mabaharia 37 wakapoteza maisha. Stark ilikuwa na mzinga wa Phalanx, ambao hutafuta shabaha na kufyatua wenyewe, lakini haukufyatua hata risasi moja kwa sababu haukuwa umeachwa katika hali ya kujiendesha. Tarehe 14 Julai 2006 manowari ya Israel iitwayo Hanit ilipigwa nje ya Beirut na mabaharia wanne wakafa. Mitambo yake ya kujikinga haikuwa imewashwa, kwa kuwa makamanda hawakutarajia kwamba wapiganaji wa Hezbollah wa Lebanon wangekuwa na kombora la namna ile. Hao ni watoto wa jeshi lile lile lililoishinda Styx mwaka 1973.

Sithubutu kuwalaumu kwa wepesi. Katika meli moja niliyoifanyia kazi, kengele ya rada inayoonya juu ya kugongana ilizimwa kwa sababu ililia kila tulipopita karibu na ngalawa za wavuvi, na sote tulishukuru kupata utulivu. Usiku mmoja tukiwa tunasogea kuingia Mtwara tuliikosa mashua yenye watu kwa umbali mdogo kiasi kwamba nilisikia sauti zao kutoka juu ya daraja la meli, wakituita kwa jina la Mwenyezi Mungu. Waliokuwa zamu hawakuwa wazembe. Walikuwa wamezoea, na mazoea huingia katika manowari kama yanavyoingia katika meli ya saruji.

Mwenzako mwenye shaka naye apewe haki yake. Mpaka meli izame, lazima kwanza itafutwe na ipatikane, kombora liwake na kutoka, injini ifanye kazi hadi mwisho, rada yake ifunguke mahali panapostahili, lisidanganyike njiani, na baruti ilipuke ndani ya shabaha. Hizo ni hatua sita. Hata ukiipa kila hatua nafasi ya kufaulu mara 9 katika 10, kufaulu kwa zote kwa mfululizo ni mara 53 tu katika 100. Styx ya zamani ilitumia mafuta ya kimiminika pamoja na tindikali kali, hata kulijaza kombora kukawa kazi ya hatari; makombora ya siku hizi hukaa ndani ya kasha lililozibwa, ila betri na fyuzi huzeeka humo humo, na hakuna anayeweza kulijaribu kombora kwa kulirusha kisha akalirudisha ghalani. Kwa hiyo jeshi hutegemea vipimo vya umeme na majaribio ya makombora machache, na yaliyobaki huaminiwa kwa kuwa ni ndugu wa yale yaliyofaulu.

Hatua ya kwanza, ya kutafuta, watu huiruka katika mabishano, nayo ina historia hapa hapa kwetu. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar, kisha ikatoweka. Waingereza walipekua pwani yote, na mwezi Oktoba manowari yao Chatham ikaikuta meli ya Kijerumani Präsident imejificha katika mto Lukuledi, juu ya mji wa Lindi; nyaraka zilizokutwa humo ndizo zilizowaelekeza kwenye delta ya Rufiji. Mizinga yao ilikuwa mizima siku zote hizo, lakini haikuwa na kazi ya kufanya. Leo kuna setilaiti na ndege zisizo na rubani, na hata hivyo kombora lenye uwezo wa kwenda kilomita 200 linahitaji mtu wa kuliambia meli iko wapi sasa, kwa kuwa meli inayokwenda mwendo wa noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, huwa imesogea zaidi ya kilomita 7 katika dakika 10 ambazo kombora liko safarini.

*Mheshimiwa Mhariri, katika toleo lililopita uliandika kwamba kombora lililoipiga manowari ya Uingereza Sheffield halikulipuka. Nimesoma kwamba lililipuka. Na kama halikulipuka, nini kiliiunguza meli hata ikapotea? – Mwalimu wa Fizikia, Lindi*

Mwalimu, una haki ya kuuliza, nami nawaomba radhi wasomaji kwa kuandika kwa uhakika jambo lililoamuliwa kwa namna mbili. Sheffield ilipigwa tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, na Exocet moja iliyorushwa na ndege ya Argentina aina ya Super Étendard. Watu 20 walikufa, na meli ikazama tarehe 10 Mei ilipokuwa ikivutwa. Tume ya uchunguzi ya Uingereza iliamua wakati ule kwamba baruti ililipuka, na huenda hilo ndilo ulilolisoma. Lakini tathmini mpya, iliyotangazwa mwaka 2015, ilifikia uamuzi kwamba haikulipuka, na mimi nilifuata uamuzi huo.

Swali lako la pili lina maana zaidi, kwa sababu kombora ambalo halikulipuka si kombora lililoshindwa. Katika mkasa wa Stark hakuna ubishi kwamba kombora la kwanza lilipasua ubavu bila ya kulipuka, likamwaga moto ndani ya vyumba walimolala mabaharia. Piga hesabu na wanafunzi wako: kombora ambalo, likiwa limekwisha kuchoma sehemu ya mafuta yake, lina uzito wa kilo 600, na linakwenda mita 300 kwa sekunde, linaleta nishati ya mwendo ya megajuli 27, ambayo ni karibu sawa na lori la tani 30 linalokwenda kilomita 150 kwa saa. Fikiria lori la namna hiyo likitoka kwenye barabara ya Masasi na kuingia katika nyumba yenye kuta za bati. Juu ya hayo, mafuta yaliyobaki katika injini yanaendelea kuungua, na kwa kuwa yamechanganywa na kemikali ya kuyapatia oksijeni humo humo, kufunga milango ili kuunyima moto hewa hakuyazimi.

Sheffield ilipotezwa na moto. Pigo la kombora lilivunja bomba kuu la maji ya kuzimia moto, na mabaharia wakabaki wakipambana kwa pampu ndogo na ndoo, huku moshi ukiwafukuza chumba hadi chumba. Kabla ya hapo, manowari jirani, Glasgow, ilikuwa imeziona dalili za ndege zile na kutoa tahadhari, na Sheffield haikuchukua hatua kwa wakati. Ukitaka kulinganisha, Stark ilipigwa mara mbili, ikawaka usiku kucha, lakini watu wake waliudhibiti moto na meli ikafika bandarini. Moskva ya Urusi, yenye urefu wa mita 186, ilipigwa tarehe 13 Aprili 2022 na makombora mawili ya Neptune, kwa maelezo ya Ukraine, na kesho yake ikazama ikivutwa. Urusi yenyewe ilisema tu kwamba moto uliwasha silaha zilizokuwamo na kwamba bahari ilikuwa imechafuka. Baruti ya Neptune ni kama kilo 150. Uzito wa baruti, basi, hausemi mengi juu ya mwisho wa meli usipojua pia hali ya pampu zake, milango yake, na mazoezi ya watu wake.

*Mzee wangu, mimi ni mvuvi. Usiku tunakuwa mbali, taa zetu ndogo, chombo chetu cha mbao chenye mashine. Je, kombora lina macho ya kujua kwamba hii ni mashua na ile ni manowari? – Nahodha wa mashua, Msimbati*

Nahodha, kwa makombora mengi yaliyotumika vitani mpaka sasa, jibu ni kwamba macho hayo ni hafifu kuliko watu wanavyodhani. Rada ya kombora hufunguliwa likiwa limekaribia eneo la shabaha, nayo hutafuta kitu kinachoakisi mawimbi kwa nguvu. Mbao huakisi kidogo, chuma cha mashine na nanga huakisi zaidi, na meli ya mizigo iliyojaa makontena huakisi kama ukuta. Mafundi wameongeza vifaa vya kulinganisha umbo na joto la meli katika makombora mapya, lakini sio yote yaliyo ghalani duniani ni mapya.

Nitakueleza mambo matatu yaliyotokea kweli. Tarehe 25 Mei 1982 Exocet mbili za Argentina zilikuwa zinaelekea kwenye kundi la manowari za Uingereza. Manowari hizo zikamwaga mawingu ya kudanganya, makombora yakapoteza shabaha zake, kisha yakaiona meli ya mizigo Atlantic Conveyor iliyokuwa jirani, ambayo haikuwa na mawingu ya kumwaga. Watu 12 walikufa humo, akiwamo nahodha. Kinga ya mmoja ilikuwa msiba wa mwingine. Tarehe 10 Mei 2020, katika mazoezi ya jeshi la majini la Iran, manowari Jamaran ilirusha kombora wakati meli ya msaada Konarak ilikuwa imetoka kuweka shabaha na haijafika mbali ya kutosha, na kombora likaifuata Konarak. Mabaharia 19 wakafa kwa kombora la wenzao.

La tatu ndilo linalokuhusu zaidi. Tarehe 1 Julai 2016 huko Taiwan, boti ya doria ya kijeshi iliyokuwa bandarini katika ukaguzi wa mazoezi ilirusha kimakosa kombora halisi la Hsiung Feng III. Kombora likaruka baharini bila ya kupewa shabaha, likafungua rada yake kama lilivyotengenezwa kufanya, likapata mashua ya uvuvi karibu na visiwa vya Penghu. Halikulipuka, lilipita katikati ya chumba cha usukani na kutokea upande wa pili. Nahodha wa mashua ile alikufa na wenzake watatu wakajeruhiwa. Kwa upande wa mafundi, kombora lile lilionyesha kwamba linatafuta na kupiga sawasawa, na ndilo jambo la kutisha katika neno la kuaminika linapotumika kwa silaha. Denmark walipata bahati kubwa zaidi: Septemba 1982 manowari yao Peder Skram ilifyatua kombora la Harpoon bila ya kukusudia, ikaruka kilomita 34 na kuangukia nyumba za mapumziko, ikabomoa nne na kuharibu nyingine nyingi, na kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa umekwisha hakuna aliyekufa.

Hapa Msimbati huna vita mbele yako, nahodha. Lakini siku mamlaka zinapotangaza kwamba eneo fulani la bahari limefungwa kwa mazoezi ya kijeshi, sababu ya kutolisogelea ndiyo hiyo, hata kama samaki wamejaa.

*Je, makombora yenye kasi kupita sauti, na yale yanayotoka juu angani, hayajamaliza kabisa uwezo wa meli kujikinga? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Nachingwea*

Yamepunguza muda. Kombora la BrahMos, lililotengenezwa na India pamoja na Urusi, huenda karibu mara tatu ya kasi ya sauti, na zile kilomita 27 nilizozitaja huzimaliza kwa nusu dakika tu. Lakini kasi ina gharama zake: kombora huwa kubwa na la moto, na likiruka juu ili lifike mbali huonekana mapema. Ama makombora ya balistiki dhidi ya meli, yaani hayo yanayotoka juu angani, yalitumika vitani kwa mara ya kwanza na Wahouthi wa Yemen kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023. Mengi yalianguka baharini au kutunguliwa na manowari za Marekani na washirika wake, na yaliyopiga yalizipata meli za mizigo. Tarehe 30 Januari 2024 manowari ya Marekani Gravely ililitungua kombora lisilo la balistiki kwa mzinga wa Phalanx likiwa limebakiza kama kilomita moja na nusu, yaani sekunde chache kabla ya kufika. Mzinga ni wa aina ile ile iliyokuwa kwenye Stark, na safari hii ulikuwa tayari. Mafungu matatu ya yule afisa wa mwaka 1994 bado naona yanasimama.

*Kaka, mwanangu amemaliza masomo ya ubaharia Dar es Salaam na amepata kazi katika meli ya mizigo ambayo wakati mwingine hupita Bahari ya Shamu. Ananiambia nisiogope, makombora mengi hukosa. Nimwamini? – Mama wa Mikindani*

Dada yangu, mwanao amechukua hesabu ya manowari akaitumia kwa meli ya mizigo, na hesabu hizo hazichanganyiki. Meli atakayopanda haina mawingu ya kudanganya wala mzinga. Iko katika fungu la kwanza. Kinachoisaidia ni ukubwa wake, kwa kuwa meli kubwa ya mizigo mara nyingi huvumilia pigo moja bila ya kuzama, na pia kwamba meli nyingi hazikuchaguliwa kuwa shabaha. Rubymar, iliyobeba takribani tani 21,000 za mbolea, ilipigwa tarehe 18 Februari 2024, mabaharia wake wakaokolewa wote, na meli ikaelea peke yake mpaka ilipozama tarehe 2 Machi. Siku nne baadaye True Confidence ilipigwa na mabaharia watatu wakafa, wawili wa Ufilipino na mmoja wa Vietnam, watu wa kazi kama mwanao, waliokuwa wakipeleka nyumbani mishahara. Julai 2025 meli mbili, Magic Seas na Eternity C, zilizamishwa ndani ya wiki moja.

Nisingekwambia umzuie, kwani kazi ya bahari ndiyo iliyonilea mimi na wengi wa mji wako. Lakini mwambie atoe mkataba wake na kuusoma kabla ya kupanda. Desemba 2023 Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi na waajiri wa mabaharia walikubaliana kulihesabu eneo la kusini la Bahari ya Shamu kuwa la hatari, na baharia aliye chini ya makubaliano yao ana haki ya kukataa kuingia humo na kurudishwa kwao kwa gharama ya kampuni. Akikubali kupita, hulipwa nyongeza kwa siku za humo, na fidia ya kifo au ulemavu huwa maradufu. Wako mabaharia wengi ambao mikataba yao haina kipengele hicho, na wengine hutia saini bandarini wakiwa wameshikilia begi mkononi. Aulize pia meli hupita njia ile mara ngapi, bima yake ya vita imelipwa na nani, na atapewa taarifa siku ngapi kabla ya kufika Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo. Akishapanda, siku ya kwanza kabla ya kutafuta kitanda chake, aende ajue pampu ya dharura ya moto iko wapi na aiwashe kwa mkono wake mwenyewe aone kama inatoa maji.